Bima ikikataa kulipa, neno la kampuni si hukumu

KUKATA bima ni jambo moja, kulipwa fidia baada ya hasara ni jambo jingine kabisa. Wengi huligundua hilo siku ambayo mali imeshateketea, gari limeshapinduka au mgonjwa ameshazikwa, na wakati huo hakuna tena nafasi ya kusoma mkataba kwa utulivu.

Katika mji mkongwe wa Mikindani, takriban kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, bima si jambo la matajiri peke yao. Bajaji na pikipiki zinazobeba abiria kati ya mji huo na Mtwara haziruhusiwi kisheria kuingia barabarani bila bima. Nyumba iliyowekwa rehani benki hukatiwa bima kama sharti la mkopo. Hata mwalimu wa shule ya msingi aliyekopa kwa dhamana ya mshahara wake huwa amekatwa fedha kidogo za bima ya mkopo huo, mara nyingi bila yeye mwenyewe kukumbuka.

Chukulia mfano wa mfanyabiashara mwenye duka la vipuri vya injini za boti karibu na ghuba. Duka linaungua usiku kwa hitilafu ya umeme. Anatoa taarifa polisi, anajaza fomu ya madai, anakabidhi nakala za stakabadhi zilizonusurika. Wiki sita baadaye wakala aliyemuuzia bima anampigia simu na kumweleza kwa sauti ya huruma kwamba kampuni imekataa, mkataba haukubali. Hakuna barua. Hakuna kifungu kinachotajwa. Mfanyabiashara anashukuru, anakata simu, na jambo linaishia hapo.

Hapo ndipo haki nyingi zinapopotea. Katika macho ya sheria, maneno ya wakala kwenye simu si uamuzi wa mwisho, na hata uamuzi wa kampuni yenyewe si hukumu. Kampuni ya bima ni upande mmoja wa mkataba. Inapokataa kulipa, inatoa hoja kwamba haiwajibiki, na hoja hiyo sharti isimame juu ya kifungu fulani cha mkataba na juu ya ushahidi.

Zipo sababu za watu kunyamaza. Ya kwanza ni umbali. Makao makuu ya kampuni nyingi yapo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mikindani. Ya pili ni lugha. Mwaka 2021 sheria ilifanyiwa marekebisho na Kiswahili kikapewa nafasi ya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini mikataba mingi ya bima bado huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria, katika herufi ndogo zinazomchosha hata msomi.

Ya tatu ni historia. Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilikabidhiwa biashara yote ya bima nchini mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha. Kwa miaka takriban 30 mwananchi hakuwa na kampuni nyingine ya kukimbilia. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilifungua milango kwa kampuni binafsi, na Sheria ya Bima Namba 10 ya mwaka 2009 ikaanzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Soko limebadilika, lakini tabia ya kupokea jibu la bima kama amri ya serikali imebaki.

Ni vema kusema mapema kwamba si kila kukataliwa ni dhuluma. Mteja anayekwenda kulalamika bila kujua mkataba wake unafunika nini hujipotezea muda na huwapotezea wengine.

Bima ya gari ndiyo inayoleta mkanganyiko mkubwa. Inayoitwa mitaani bima ndogo ni ile ya lazima, inayomlinda mtu wa tatu, yaani mtembea kwa miguu aliyegongwa, abiria aliyeumia, au mali ya mtu mwingine iliyoharibiwa. Mwenye gari mwenyewe halipwi kitu kwa gari lake lililobondeka. Anayetaka kulipwa kwa hilo hukata bima kubwa. Vilevile pikipiki iliyokatiwa bima kwa matumizi binafsi na kisha ikaonekana kijiweni ikipakia abiria kwa malipo, mwenyewe atakuwa na kazi ngumu kudai fidia ya pikipiki hiyo.

Mtwara ina kumbukumbu nyingine ya aina hiyo. Mwaka 2013, mwezi Januari na tena mwezi Mei, vurugu zilizotokana na mpango wa kusafirisha gesi asilia kwa bomba kwenda Dar es Salaam zilisababisha vifo, na nyumba, magari na ofisi vikachomwa moto katika maeneo ya mkoa huo. Mkataba wa kawaida wa bima ya moto hauhesabu kila moto kuwa sawa. Moto unaowashwa katika ghasia za kisiasa au fujo za raia huwa umetengwa katika mikataba mingi, isipokuwa mteja amelipia nyongeza mahsusi. Kwa mtu aliyesimama mbele ya majivu, tofauti ya moto wa waya na moto wa ghasia ni kejeli. Kwa mkataba, ni tofauti ya kulipwa na kutolipwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa upepo na maji. Pwani hii si ngeni kwa vimbunga. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kiliipiga pwani ya kusini mwa Tanganyika na kuua watu. Aprili 25, 2019 wakazi wa Mtwara walihamishwa kwa tahadhari kabla ya kimbunga Kenneth kutua upande wa pili wa Mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa na kukata barabara ya kusini. Mwenye nyumba aliyekatiwa bima ya moto pekee hawezi kudai paa lililoezuliwa na upepo, labda kama hati yake inataja dhoruba na mafuriko miongoni mwa majanga yanayofunikwa. Hilo husomwa kwenye jedwali la mwanzo wa hati, na si kazi ya saa nzima.

Wapo pia wanaolipwa nusu na kudhani wameibiwa, kumbe wamekutana na kanuni ya uwiano. Nyumba yenye thamani ya sh. milioni 60 ikikatiwa bima ya sh. milioni 30 ili kupunguza ada, mwenye nyumba amejibebesha nusu ya hatari yeye mwenyewe. Ikitokea hasara ya sh. milioni 20, kampuni italipa sh. milioni 10. Katika hili kampuni huwa na haki, mradi kanuni hiyo imeandikwa katika mkataba na thamani ya sh. milioni 60 imekadiriwa kwa uaminifu. Hilo la pili linaweza kupingwa kwa makadirio ya mthamini mwingine.

Baada ya kuondoa madai ya namna hiyo, linabaki kundi kubwa la madai ambayo mteja ana haki nayo na bado anaambiwa hapana. Sababu inayotumiwa sana, na inayostahili kuchunguzwa kuliko zote, ni kwamba mteja alificha ukweli wakati wa kujaza fomu ya maombi.

Mkataba wa bima hujengwa juu ya kile wanasheria wanachokiita nia njema ya hali ya juu. Anayeomba bima anatakiwa kueleza mambo yote muhimu anayoyajua kuhusu hatari anayotaka ifunikwe. Kanuni hiyo iliingia Afrika Mashariki pamoja na sheria za Uingereza, ambazo zilipokelewa Tanganyika kwa mujibu wa tarehe ya Julai 22, 1920, na bado zinatambuliwa kupitia Sura ya 358 ya sheria za nchi pale ambapo hakuna sheria ya Bunge inayosema vinginevyo.

Kinachosahaulika ni kwamba kesi maarufu iliyoiweka kanuni hiyo, iliyoamuliwa London mwaka 1766 na Lord Mansfield, ilimalizika kwa mtoa bima kushindwa. Ilihusu ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra, huko huko katika Bahari ya Hindi, iliyokatiwa bima na gavana wake dhidi ya kutekwa na maadui. Wafaransa wakaiteka mwaka 1760. Mtoa bima akagoma kulipa, akidai gavana hakueleza udhaifu wa ngome. Lord Mansfield akasema wajibu wa kueleza ukweli upo pande zote mbili, na kwamba mtoa bima hawezi kulalamikia jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua au alipaswa kulijua alipopokea ada. Waliojifunza nusu ya kwanza ya hukumu hiyo ni wengi kuliko waliojifunza nusu ya pili.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina wazo linalokaribiana na hilo. Kifungu cha 19 kinamruhusu mtu aliyedanganywa kuuvunja mkataba, lakini kinaweka mpaka: aliyekuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, katika mazingira yanayotajwa na kifungu hicho, hawezi kuja baadaye kujificha nyuma ya udanganyifu.

Sasa irejewe Mikindani. Nani aliyejaza fomu ya mwenye duka? Kwa kawaida ni wakala. Yeye ndiye aliyeuliza maswali matano kati ya ishirini, akaandika majibu kwa Kiingereza, akaelekeza kidole mahali pa kutia sahihi. Aliliona duka kwa macho yake, akaliona jiko la gesi la mama lishe ukutani pake, na hakuliandika kwa sababu lingepandisha ada na kumkosesha mteja. Duka likiungua, kampuni inasema haikuambiwa habari ya jiko.

Mahakama za Uingereza zilikutana na jambo la namna hii mwaka 1892. Mtu mmoja asiyejua kusoma wala kuandika zaidi ya jina lake, na mwenye jicho moja, alikatiwa bima ya ajali. Wakala alikuwa akimwona ana jicho moja. Fomu ilisema hana kilema. Baadaye alipata ajali na kupoteza jicho lililobaki. Kampuni ikataka kumlipa kama aliyepoteza jicho moja tu. Mahakama ya Rufani ya huko ilikataa, ikasema alichokijua wakala kilikuwa kimejulikana na kampuni, na mtu yule akalipwa kama aliyepoteza uwezo wote wa kuona.

Haki inadai kusemwa pia kwamba mwaka 1929 mahakama hiyo hiyo iliamua kinyume katika kesi nyingine ya bima ya gari, ikisema wakala anayejaza fomu kwa niaba ya mteja huwa mkono wa mteja, na anayetia sahihi amekubali yaliyoandikwa. Hukumu zote mbili hutajwa mpaka leo, kila upande ukichagua inayoufaa. Kwa hiyo mteja anayeambiwa fomu yake ina uongo asikimbilie kukubali wala asidhani ameshashinda. Ajiulize kama swali hilo aliulizwa kweli, kama jibu alilitoa yeye, kama wakala alikuwa analijua jambo lenyewe, na kama jambo hilo lingebadilisha uamuzi wa kampuni kumkatia bima au kiwango cha ada. Likiwa halina uzito huo, kulitaja ni kutafuta kisingizio.

Uingereza yenyewe imeipunguza makali kanuni iliyoisambaza duniani. Sheria ya mwaka 2012 ilimwondolea mteja wa kawaida wajibu wa kujitolea kueleza asiyoulizwa, ikabakiza wajibu wa kujibu maswali kwa uangalifu. Nyingine ya mwaka 2015 ilifuta adhabu ya kuutupa mkataba mzima kwa kila kosa la biashara. Sheria hizo hazifungi mahakama za Tanzania, lakini wakili anaweza kuzitaja kuonyesha mwelekeo wa mambo.

Sababu nyingine inayosikika mara kwa mara ni kwamba ada haikufika kampuni. Mteja amemlipa wakala au dalali, ana stakabadhi, ila fedha hazikwenda zilikotakiwa. Hapa mteja yupo mahali pazuri iwapo aliyepokea fedha alikuwa wakala halali wa kampuni, kwa kuwa kumlipa mwakilishi ndani ya mamlaka aliyopewa ni kumlipa aliyemtuma. Tatizo ni pale anapogundulika kuwa kishoka, asiye na leseni, mwenye stika ya kughushi. Miaka ya stika za karatasi jambo hilo lilikuwa rahisi. Siku hizi uhalali wa bima ya chombo cha moto huhakikiwa kwa simu kupitia mfumo wa TIRA, na ni uzembe usio na sababu kutoa fedha bila kufanya hivyo.

Kuna na kuchelewa kutoa taarifa. Mikataba hudai kampuni ijulishwe mara moja au ndani ya siku zilizotajwa. Mteja aliyelazwa Hospitali ya Rufaa ya Ligula kwa wiki tatu baada ya ajali ana maelezo ya kutoa, na ayatoe kwa maandishi akiambatanisha karatasi za hospitali. Aliyekaa nyumbani miezi minne kwa kusitasita ana maelezo machache.

Hatua ya kwanza ya kupinga ni ndogo na ndiyo inayorukwa: kudai jibu la maandishi. Mwenye duka la vipuri anapaswa kuiandikia kampuni, si wakala, akitaja namba ya hati ya bima, tarehe ya hasara na tarehe aliyowasilisha madai, kisha aombe mambo matatu. Uamuzi kwa maandishi, kifungu halisi kilichotumika kumkatalia, na nakala ya ripoti ya mkadiria hasara aliyetumwa kukagua. Kampuni inaweza kumnyima ripoti hiyo, lakini kunyimwa kwenyewe ni jambo la kuandikwa katika jalada. Barua ipelekwe kwa mkono tawini, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Jibu likija, lisomwe sambamba na mkataba. Kanuni mbili za zamani humsaidia mteja. Maneno yenye utata katika mkataba ulioandikwa na upande mmoja husomwa kwa hasara ya aliyeyaandika. Na kwa kuwa Sheria ya Ushahidi inamtaka anayedai jambo alithibitishe, mteja akishaonyesha kuwa hasara yake ipo ndani ya kinga, ni kampuni inayotakiwa kuthibitisha kwamba tukio linaangukia katika mambo yaliyotengwa. Kusema tu kwamba moto unatiliwa shaka hakutoshi. Shaka si ushahidi.

Mteja naye ana mzigo wake, nao ni karatasi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisisitiza mwaka 1992 kwamba hasara mahsusi, yaani ile inayohesabika kwa shilingi, sharti itajwe bayana katika madai na ithibitishwe. Duka lililokuwa na mali ya sh. milioni 18 halithibitishwi kwa kauli. Linathibitishwa kwa ankara za wauzaji wa jumla, taarifa za benki, miamala ya simu, hesabu zilizopelekwa Mamlaka ya Mapato, na picha. Mfanyabiashara aliyekuwa akipunguza hesabu zake ili alipe kodi ndogo hujikuta, siku ya moto, akikanushwa na karatasi zake mwenyewe. Ni mtego ambao wengi wameutega kwa mikono yao.

Wakati mwingine kampuni haikatai, bali inachelewesha na kisha kuleta kiasi kidogo pamoja na hati ya kukubali malipo. Hati hiyo huwa na maneno kwamba mteja amepokea fedha hizo kuwa malipo kamili na ya mwisho. Aliyetia sahihi kwa sababu ya njaa ya mwezi mmoja huona vigumu sana kurudi kudai salio. Asiyeridhika aandike kwanza kupinga hesabu, na aombe sehemu isiyo na ubishi ilipwe wakati mazungumzo yakiendelea. Kuhusu ucheleweshaji, TIRA imekuwa ikizikumbusha kampuni kwamba madai ambayo nyaraka zake zimekamilika yanapaswa kulipwa ndani ya siku 45. Ndiyo maana barua yenye muhuri na tarehe ina thamani, kwani bila tarehe hakuna siku ya kuanzia kuhesabu.

Kampuni ikishikilia msimamo wake, mkazi wa Mikindani hana haja ya kupanda basi la Dar es Salaam. TIRA ina ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara. Mamlaka hiyo ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni, madalali na mawakala, na hupokea malalamiko ya wateja. Si mahakama na haiwezi kusikiliza ushahidi kama mahakama, lakini barua ya msimamizi aliyekupa leseni husomwa kwa makini ambayo barua ya mwenye duka haiipati.

Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2009 na ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2013. Miongoni mwa walioiongoza ni Jaji mstaafu Vincent Lyimo. Huduma yake hutolewa bila malipo na mteja halazimiki kuwa na wakili. Masharti yake yanaeleweka: awe ameshalalamika kwanza kwa kampuni yake, shauri lisiwe limefunguliwa mahakamani, na kiasi kinachobishaniwa kisizidi ukomo uliowekwa na kanuni. Cha kusikitisha ni kwamba ofisi hiyo haijulikani kwa watu wengi wanaoihitaji. Mtu hukimbilia kwa mkubwa wa mtaa, kwa diwani, hata kwa redio, kabla ya kufika mahali palipojengwa kwa ajili yake.

Mahakama ni mlango wa mwisho, na ni mlango wa gharama. Mtwara ina Mahakama Kuu pamoja na mahakama za chini yake, na ukubwa wa madai ndio unaoamua shauri lifunguliwe wapi. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, shauri linalotokana na mkataba linaweza kufunguliwa ndani ya miaka sita. Muda huo usimlaze mtu usingizi, kwani mikataba mingine ina kifungu cha kwenda kwa msuluhishi wa kibiashara kwanza au huweka muda wake mfupi, na mashahidi wa moto wa Mikindani hawatakaa wakisubiri.

Msuluhishi na mahakama hufaa pale kampuni inapoweza kulipa. Nchini Kenya, Julai 2005, kampuni ya United Insurance, iliyokuwa imekatia bima matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi, na wenye magari wakajikuta wakikabiliwa wao wenyewe na hukumu za watu waliojeruhiwa. Ada nafuu kupita kiasi ni jambo la kuuliza maswali kabla ya kulipa.

Familia ya mwalimu aliyefariki akiwa na mkopo wa benki ina njia yake. Wengi huendelea kulipa deni au kutishiwa kwa barua, ilhali mkopo ulikuwa na bima ya kifo. Wasimamizi wa mirathi waiombe benki kwa maandishi nakala ya mkataba wa mkopo na ya bima iliyoambatana nao, wapeleke cheti cha kifo, na waulize ni tarehe gani benki iliwasilisha madai kwa kampuni ya bima. Mara nyingine kampuni haijakataa lolote, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba mkopaji amekufa. Ikiwa imekataa kwa hoja kwamba marehemu alikuwa mgonjwa alipokopa, warudi kwenye maswali yale yale: aliulizwa, na nani alijaza fomu?

Aliyebaki ni mtu ambaye hakukata bima yoyote, naye ndiye anayeonewa kwa urahisi zaidi: mchuuzi wa samaki aliyegongwa na gari akivuka barabara. Yeye si mteja wa kampuni, na kampuni humwambia hivyo. Hata hivyo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo chimbuko lake ni la mwaka 1945, ilitungwa kwa ajili yake. Akishapata hukumu dhidi ya mwenye gari au dereva, sheria hiyo inaibebesha kampuni wajibu wa kuilipa, na ugomvi mwingi wa ndani kati ya kampuni na mwenye gari haumhusu. Sharti kubwa ni kwamba kampuni ijulishwe rasmi kuhusu shauri hilo mapema, ama kabla au mara tu baada ya kufunguliwa, na hapa ndipo kesi nyingi nzuri huharibika.

Mchuuzi huyo anahitaji fomu ya polisi PF3 iliyojazwa hospitalini, ramani ya ajali, namba ya gari na namba ya bima yake. Muda wake ni mfupi kuliko wa mwenye duka. Madai ya uzembe hayana miaka sita, yana mitatu, na huanza kuhesabiwa siku aliyogongwa.